Kipakatalishi kipya kisichoijua Ndia Kuu

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu mstaafu anayeishi Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, ndiye aliyenipa kazi ya wiki hii. Mwanawe aliye ughaibuni amemletea kipakatalishi kidogo, chepesi kama daftari, ili ayaandike anayoyahifadhi kichwani: hadithi alizosimuliwa na bibiye, na nyimbo za vugo alizoziimba ujanani. Alinipigia simu. Nilipomwamkia hakukawia kwenye salamu. "Marahaba, mwanangu. Hiki kitu nimekifunua kote, pa kuandikia sipaoni."

Siku chache baadaye akapiga tena. Kijana wa jirani alikuwa amemtilia programu ya kuandikia, lakini lilikuwa limezuka jingine. "Sasa chanipigia mistari myekundu chini ya maneno ya mamangu. Mimi nimesomesha Kiswahili miaka thalathini na miwili, leo chombo ndicho cha kunisahihisha?"

Kuna watakaosema kwamba maswali haya apelekewe fundi wa kompyuta, si profesa wa isimu. La kwanza, sawa, ni la fundi kwa kiasi kikubwa. La pili ni letu sisi wa lugha, na limekuwa letu kwa karibu miaka mia moja.

Tuanze na majina, maana safu hii haiwezi kuyapita. Kompyuta huitwa pia tarakilishi, neno ambalo wengi hulihusisha na tarakimu, na ambalo limeenea sana katika vitabu vya shule vya Kenya kuliko Tanzania. Ile ndogo tunaiita kipakatalishi. Mwanzo wake ni kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Mwisho wake ni mkia uliokatwa kwenye tarakilishi. Watanzania nao husema kompyuta mpakato. Nafurahi kwamba pande mbili za mpaka zilikitazama chombo kile kile na zote zikamkumbuka mama aliyempakata mwanawe. Ama ile programu, baadhi ya wataalamu huiita kichakata maneno. Neno hili lina haki yake katika vitabu vya taaluma. Ila kinachochakatwa, kwa wengi wetu, ni mkonge, na sidhani kuna mwandishi atakaye maneno yake yapitishwe kwenye mashine ya mkonge. Hapa nitasema programu ya kuandikia.

Sasa basi, kwa nini mwalimu wetu hakupaona pa kuandikia? Kwa sababu hapapo. Tangu Windows 95, kompyuta za Windows zilikuja na programu ndogo iitwayo WordPad. Haikuwa na makuu, lakini uliweza kuandika barua, kukoleza kichwa na kuchapisha. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kuwa inaiacha, na katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024 imeondolewa kabisa. Iliyosalia ni Notepad, ambayo kazi yake hasa ni maandishi matupu. Vipakatalishi vingi huja pia na Word ya kuonja: hufanya kazi kwa muda, kisha hukudai malipo ya mwezi au ya mwaka, na usipolipa utasoma lakini hutahariri. Mtu aliyezoea kwamba kalamu ukishainunua ni yako huona ajabu kuikodi.

Vidogo hivi vina jambo jingine ambalo muuzaji aghalabu halisemi. Baadhi yake huja na Windows iliyofungwa katika kile kinachoitwa hali ya S. Katika hali hiyo, kompyuta haikubali programu yoyote isipokuwa ile iliyopitia duka la Microsoft. Ukileta programu kutoka kwingine inakataa, nawe utadhani imeharibika. Haijaharibika. Unaweza kuitoa katika hali hiyo bila malipo, kupitia duka hilo hilo, ila ukishaitoa huwezi kuirudisha. Tena angalia nafasi. Windows 11 yenyewe hutaka mashine yenye angalau gigabaiti 64 za hifadhi na 4 za kumbukumbu, na vingi vya vipakatalishi vya bei nafuu vina kipimo hicho hicho, si zaidi. Ni sawa na chumba kimoja ambacho nusu yake imeshakaliwa na kabati la mwenye nyumba.

Ukitoka Mji wa Kale ukivuka Digo Road kuingia mjini, hutakosa mtu wa kukutilia programu. Mimi mwenyewe nimeambiwa, na kijana mwenye adabu zote, "Mzee, nakuekea Office nzima, mia tano tu, na haiishi muda." Haiishi muda kwa sababu kufuli lake limevunjwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Nasi waandishi wa Kiswahili, ambao kila mwaka twalia kuhusu vitabu vyetu kutolewa nakala haramu vichochoroni, tuna uso gani wa kuinunua programu ya wizi ili tuandikie kitabu tusichotaka kiibwe? Achilia mbali virusi, ambavyo mara nyingi huletwa na kile kile chombo kilichotumiwa kulivunja kufuli. Rahisi huwa ghali.

Njia halali ni tatu. Ya kwanza ni kulipia Word, na kwa mwenye uwezo au ambaye mwajiri wake anamlipia, sina la kumkataza. Ni programu kamili na wahariri wengi ndiyo waitumiayo. Ya pili ni kuandika mtandaoni bila malipo, kwa Google Docs au kwa Word ya mtandaoni. Hii haili nafasi kwenye kompyuta, tena maandishi hujihifadhi yenyewe. Lakini bando likiisha au mtandao ukianguka, kazi nayo yaweza kusimama katikati ya sentensi. Google Docs inaweza kuandaliwa mapema ifanye kazi bila mtandao, ila wengi hulikumbuka hilo mtandao ukishapotea.

Ya tatu ndiyo niliyompendekezea mwalimu: LibreOffice, ambayo programu yake ya kuandikia huitwa Writer. Hupakuliwa bure na kwa halali kutoka tovuti ya wenyewe, wakfu uitwao The Document Foundation. Ilizaliwa mwaka 2010 pale watengenezaji wengi wa OpenOffice walipojitenga. Haihitaji zaidi ya gigabaiti moja na nusu za hifadhi, haidai usajili, na ikishawekwa hufanya kazi hata ukiwa Lamu baharini. Hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word, kwa hiyo mhariri wako hatajua wala hana haja ya kujua ulitumia nini. Mpangilio wenye majedwali mengi huweza kuvurugika kidogo ukipita kutoka programu moja hadi nyingine. Hadithi na nyimbo hazivurugiki.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuichagua ni ya lugha. Ukoo wa programu hii una historia na Kiswahili ambayo haifahamiki vya kutosha nchini kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mpango wa kuzitia programu zake Kiswahili. Waliofanya kazi hizo walikabiliwa na mamia kwa mamia ya maneno ambayo Kiswahili hakikuwa nayo kwa maana ile: hariri, umbizo, zana, chomeka. Tunaweza kubishana juu ya moja moja. Umbizo, kwa mfano, bado linanikwaruza sikioni, ingawa sina bora la kulipa mahali pake. Waliotutangulia hawakungoja tumalize kubishana, nami nawashukuru kwa hilo.

Pamoja na majina ya vitufe walihitaji kitu kigumu zaidi: kisahihishi cha tahajia, yaani kile kinachopiga ule mstari mwekundu. Hapa lazima nieleze kidogo, maana wengi hudhani ndani ya kompyuta mna kamusi ya kawaida na kazi ni kulinganisha tu. Kwa Kiingereza hilo karibu linatosha. Kitenzi cha Kiingereza cha kawaida kina maumbo manne, basi yaandike yote, umemaliza. Kiswahili hakiendi hivyo. Chukua kitenzi peleka. Mwanzoni weka kiambishi cha kiima, na tuseme viko 15 tu kwa nafsi na ngeli. Kisha njeo, tuseme 8. Kisha yambwa, 15 tena. Umeshapata maumbo 1,800. Tia kauli tano, pelekea, pelekwa, pelekana na wenzao, umefika 9,000, na bado hujakanusha, hujaweka -po- wala -ye- ya urejeshi. Hakuna awezaye kuyaandika maneno kama hatukuwapelekea na walipotupelekea moja moja kwa kila kitenzi cha lugha. Lazima mashine ifundishwe sarufi.

Aliyeifundisha kwa undani zaidi ni Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Alianza kazi hiyo katika miaka ya 1980, na mfumo wake, SALAMA, huchanganua neno la Kiswahili hadi kwenye mizizi na viambishi vyake. Ni jambo la kutufikirisha kwamba mojawapo ya ghala kubwa za Kiswahili cha kompyuta duniani iko mahali ambapo bahari huganda kwa baridi. LibreOffice, kwa upande wake, hutumia chombo kiitwacho Hunspell, ambacho asili yake ni Hungary. Mtu angesema tumebahatika, kwani Kihungari nacho, kama Kiswahili, ni lugha ya kubandika viambishi. Ila Kihungari hubandika hasa nyuma. Sisi hubandika nyuma na mbele, tena mbele hupanga foleni: ha-tu-ku-wa-. Ndiyo maana utaandika Kiswahili sanifu kisicho na doa, na bado mstari mwekundu ukatokea chini ya kitenzi kirefu. Usikiogope. Hakijakosea, hakijafundishwa.

Kuna kijambo kimoja cha kuangalia ukishaiweka programu. Katika orodha ya lugha utaona Swahili ya Kenya na Swahili ya Tanzania. Mkenya atachagua Kenya, kwa uzalendo. Lakini kamusi inayokuja na LibreOffice imeandikishwa kwa Tanzania. Chagua Tanzania, wala usione umehama nchi.

Sasa tufike kwenye wino mwekundu wa Kibokoni, maana huo si wa vitenzi virefu. Nilimwomba mwalimu anisomee maneno yaliyopigiwa mstari. La kwanza lilikuwa Ndia Kuu.

Kwa msomaji asiyeijua Mombasa, Ndia Kuu ni barabara ya Mji wa Kale, inayoanzia karibu na Ngomeni, yaani Fort Jesus. Imo kwenye ramani na kwenye vibao. Ni Kimvita safi: pale ambapo Kiswahili sanifu kina nj, Kimvita mara nyingi kina nd, na pale penye ch sanifu pana t. Njia ni ndia, nje ni nde, njaa ni ndaa. Macho ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga. Huu si uzembe wa matamshi. Ni kanuni, ina utaratibu kuliko tahajia yote ya Kiingereza.

Kwa nini basi kompyuta haiijui? Jibu liko Mombasa kwenyewe. Kabla ya karne ya 20 Kimvita kilikuwa na wateteaji wenye nguvu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 ilijengwa juu ya Kiswahili cha huku. Edward Steere naye alikuwa Unguja akikiandikia Kiunguja. Mvutano huo uliendelea hadi Juni 1928, ulipofanyika mkutano wa kuamua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika Mashariki nzima. Ukachagua Kiunguja. Na mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa. Kimvita kilishindwa nyumbani kwao, na wageni wakiwa waamuzi. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji, mwaka 1939 ikaja kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson, na vitabu vya shule vikafuata mkondo huo.

Mimi si katika wale wanaotaka kuurudia uamuzi wa 1928. Kiswahili sanifu kimenilisha, na kimewawezesha mtu wa Kisumu na mtu wa Kigoma kusoma gazeti moja. Lakini kati ya kamusi ya kitabu na kisahihishi cha kompyuta mna tofauti ambayo hatujaitafakari. Kamusi hukaa rafuni ikingoja kuulizwa. Haikufuati ukiandika barua kwa dadako. Kisahihishi kimo ndani ya kalamu. Hukukatiza neno kwa neno, na hakisemi "hili ni la Mvita", husema "hili ni kosa". Mzee aliyezungumza Kimvita maisha yake yote, na ambaye hakuna mwalimu aliyethubutu kumsahihisha sebuleni kwake, sasa anasahihishwa na zawadi ya mwanawe.

Na madhara yake si ya hisia tu. Kuna kijana, mjukuu wa mtunzi mmoja wa mashairi wa Mji wa Kale, aliyeniletea mswada wa diwani ya marehemu babu yake niupitie. Alikuwa ameupiga chapa mwenyewe, kwa mapenzi makubwa, na kila ulipotokea mstari mwekundu alifuata pendekezo la mashine. Nikasoma ubeti ambao vina vyake vya mwisho vilikuwa moto, uzito, kito, kisha, ghafla, macho. Babu hakuandika macho. Aliandika mato, na kina chake -to kilikuwa kimekamilika kama duara. Mashine ilikivunja, na mjukuu akaamini kwamba babu ndiye aliyekivunja. Angeuchapisha hivyo, wahakiki wa kesho wangesema mtunzi huyu alikuwa na kasoro za urari wa vina.

Hayo ni yale yanayoonekana. Yasiyoonekana yananitia hofu zaidi. Mmvita akiandika "ndoo hapa", yaani njoo, hakutakuwa na mstari mwekundu, kwa sababu ndoo imo katika kamusi: ni chombo cha kutekea maji. Akiandika "anateka" kwa maana ya anacheka, mashine itaridhika pia, ikidhani yuko kisimani. Msomaji wa Nakuru atapata hadithi ambayo kisichana kimekaa barazani kinateka maji, tena bila ndoo. Humo mashine haisaidii kwa lolote, na lazima mwandishi aweke maelezo mwishoni mwa kitabu.

Haya, tufanyeje? Dawa ya kwanza ni ndogo na iko mkononi mwa kila mtu. Neno likipigiwa mstari nawe una hakika nalo, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, uchague kuliongeza kwenye kamusi. Wengi wanalijua hili. Wasilolijua ni kwamba maneno hayo huwekwa katika faili la maandishi la kawaida, neno moja kila mstari, na faili hilo linaweza kunakiliwa na kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo mwalimu wa Kibokoni akiongeza maneno mia mbili, mwenzake wa Kuze hana haja ya kuyaanza upya. Apewe faili, aongeze yake. Nimewahi kuona kazi za kamusi zilizosubiri ufadhili kwa miaka. Hii inahitaji flashi na subira.

Dawa ya pili ni kuiambia programu inyamaze mahali fulani. Katika Writer, aya au shairi zima huweza kuwekewa lugha ya "hakuna", na Word pia ina namna ya kuamrisha sehemu fulani isikaguliwe. Niliona afadhali mwalimu afanye hivyo kwa nyimbo za vugo: utangulizi wake aliouandika kwa Kiswahili sanifu ukaguliwe kama kawaida, nyimbo zenyewe ziachwe kama zilivyoimbwa.

Ya tatu ni kuzima masahihisho ya kujiendesha, hasa kama programu imewekwa kwa lugha ya Kiingereza. Kiingereza kinaamini kwamba herufi i ikisimama peke yake ni nafsi ya kwanza, na kwao nafsi hiyo ina ukubwa. Andika "Nyumba i wapi?" nayo itageuka "Nyumba I wapi?" Andika n.k. katikati ya sentensi, na neno linalofuata litapewa herufi kubwa, kana kwamba ni Bwana Mkubwa amewasili. Tena kuna ile alama ya ng'. Programu hupenda kuigeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na baadhi ya programu huzihesabu kuwa alama mbili tofauti. Ukitafuta ng'ombe katika mswada wenye kurasa mia tatu utaambiwa hayumo, kumbe wamo zizi zima. Chagua alama moja tangu ukurasa wa kwanza na ushikamane nayo.

Alama hiyo ni ya maana zaidi kwa Kimvita. Lahaja hii hutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao, jambo ambalo tahajia sanifu haiandiki. Paa la nyumba si p'aa wa mwituni. Kaa la moto si k'aa wa pwani. Katika maandishi sanifu msomaji huachiwa muktadha umwongoze, lakini anayehifadhi nyimbo za bibi yake ana haki ya kuhifadhi na pumzi yake. W. E. Taylor, mmishenari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alilijali sana jambo hili. Alisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa aliyemkusanyia na kumwandikia mashairi ya Muyaka, ambayo William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Sikujua mwenyewe aliandika kwa hati za Kiarabu.

Na hili ndilo swali ambalo sikuulizwa, ila nitalijibu kwa kifupi, kwani katika nyumba nyingi za Mji wa Kale bado yamo makaratasi ya hati hizo masandukuni. Ndiyo, kipakatalishi kile kile kinaweza kuyaandika. Writer huruhusu aya kwenda kutoka kulia kushoto, na herufi za p, ch na v ambazo Kiarabu hakina zimo katika herufi za kimataifa za kompyuta, kwa kuwa Waajemi na wengineo walizihitaji kabla yetu. Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyefundisha London na kufariki mwaka 2008, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo ya tahajia kamili ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu mwaka 1997. Baadaye mtaalamu Kevin Donnelly akatengeneza programu ya bure iitwayo Andika!, ambayo hugeuza Kiswahili kutoka hati moja hadi nyingine. Kuiweka si kazi ya mwanzo wa safari, kunahitaji mtu mwenye uzoefu. Aliye na makaratasi ya babu asingoje programu: ayapige picha kwanza, leo, kabla mchwa hawajasoma.

Mwisho ni la kifundi. Lile faili la maneno yako halikai pamoja na hadithi zako. LibreOffice hulificha ndani ya folda zake yenyewe, mbali na mahali unapohifadhi kazi. Ukimpelekea fundi kompyuta, akakuwekea Windows upya, hadithi atazihamisha kwa sababu anaziona. Maneno hayaoni. Muulize kijana wa jirani akuonyeshe folda hiyo iko wapi, nakili faili kwenye flashi, na kwenye flashi hiyo bandika karatasi yenye jina lake, mwezi na mwaka.